Maji ya Kumzamisha Baba

Kanisa letu pale Mbotela halikutaka mambo ya kunyunyizwa. Ukibatizwa unazamishwa mzima mzima, na wazee wa kanisa wanasimama ukingoni kuangalia. Kiwiko kikibaki nje, unarudishwa chini. Niliwahi kumwona mama mmoja mwenye mwili wake akirudishwa chini kwa sababu ya kisigino, na wazee wale hawakutabasamu hata kidogo. Mimi nilikuwa nacheka ndani ya mkono wa sweta, maana nilikuwa msichana wa kucheka au kukasirika, katikati sikupajua.

Tangi la ubatizo lilikuwa chini ya jukwaa, nyuma ya mimbari. Waumini wenyewe ndio waliolijenga kwa simiti, wanaume wa reli na wa kanjo, yaani baraza la jiji, Jumamosi baada ya Jumamosi, kisha wakalifunika kwa mbao. Jumapili za kawaida kwaya ilisimama juu ya mbao hizo na kurukaruka, na mgeni hangejua kwamba chini ya miguu yao kuna shimo la kumtosha mtu mzima. Siku ya ubatizo mbao ziliondolewa, mpira wa maji ukavutwa kutoka bomba la nje, na tangi likajaa taratibu huku tukiimba.

Mwaka ninaousimulia, ule mpira ulikuwa umekunjwa kwenye kona na buibui wameuzoea. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mvua imekataa, na mabomba ya mitaa yetu yalikuwa yakifunguliwa yanakohoa hewa tu. Ungesikia kwamba mtaa wa Tena kuna maji, ukifika huko unaambiwa yako Dandora, na wa Dandora unakutana nao njiani wakija kwenu na mitungi mitupu. Watu walioga kwa kikombe. Maji ya kusuuzia nguo yalipigia deki, ya deki yakamwagwa chooni, na hakuna aliyeona ajabu.

Basi ni katika mwaka huo, Mungu wangu, ndipo baba yangu alipoamua kuokoka.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli kwa miaka mingi, mtu mrefu, mkimya, wa mikono mikubwa. Alikuwa mlevi wa heshima, kama kuna kitu kama hicho. Hakupiga mtu, hakutukana mtu. Alikunywa akanyamaza, akarudi nyumbani akiwa ameshikilia ukuta, akalala na viatu. Jumapili tulipokuwa tukienda kanisani alikaa kwenye ngazi ya mlango akiwa na fulana, akatuaga kwa kidole kimoja. Mama alikuwa akimwombea tangu kabla sijazaliwa. Nilikua nikisikia maombi hayo kila asubuhi kupitia pazia lililogawa chumba chetu, maneno yale yale, sauti ile ile, hata nikaanza kuona kama Mungu mwenyewe lazima awe ameshayakariri na kuyachoka.

Kisha reli ikapunguza watu, na Baba akawa mmoja wao. Walikubaliana na Mama kwamba yeye arudi nyumbani Magharibi mwa nchi akalime shamba, na Mama abaki Nairobi na kibanda chake cha mboga hadi wadogo zangu wamalize shule. Siku ya safari ikapangwa, Jumatatu fulani. Na Jumapili mbili kabla ya Jumatatu hiyo, Baba akaingia kanisani ibada ikiwa katikati, akasimama nyuma kofia mkononi, na mwisho wa ibada akamwendea pasta akamwambia anataka kuzamishwa. Alisema hivyo tu. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili na uso wake umekauka, kama mtu aliyesikia hodi mlangoni na anaogopa kuitika.

Pasta wetu, aliyekuwa karani mahali fulani mjini siku za kazi na mtumishi wa Mungu jioni na Jumapili, alifurahi kisha akakumbuka hali. Akasema tungoje mvua. Baba akasema mvua itamkuta Magharibi. Pasta akataja mto. Sasa, mto wa Nairobi ukifika upande wetu kila mtu anajua umebeba nini. Baba akafikiri kidogo, akasema kwa adabu, "Pasta, mto ule nikizamishwa nitatoka na dhambi ambazo sikuwa nazo."

"Basi ukabatizwe huko nyumbani, ndugu. Tutakuandikia kanisa la huko."

"La. Nitazamishwa hapa. Hapa ndipo watu wameniokota njiani. Wanione na hili."

Tulipofika nyumbani Mama alinishika mkono akanivuta hadi nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo. "Akienda Jumatatu bila kubatizwa, nimempoteza," akasema. "Unawajua baba zako wadogo. Wanakaa kuzunguka chungu cha pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake, na mrija wa baba yako wamemwekea ukutani. Akifika vilevile alivyo, ataketi. Akifika amebatizwa, ataogopa kuketi. Namjua. Ni mtu wa kushika neno akilitoa mbele ya watu."

"Na maji yatatoka wapi, Mama?"

"Yatabebwa."

Nilidhani anatania. Tangi lile lilikuwa linajaa kwa mpira wa maji asubuhi nzima, na huyu mwanamke mwenye goti bovu anasema yatabebwa. Ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, karibu na njia ya reli, kulikuwa na bomba moja la zamani lililotiririka uzi mwembamba kuanzia alfajiri hadi jua linapokuwa kali, kisha linakatika. Huko ndiko wanawake wa mtaa mzima walikokuwa wakipanga mitungi. Mtungi mmoja ulichukua muda wa kusuka nywele nusu kichwa. Hapo ndipo Mama alipotaka kuteka maji ya kumzamisha mwanamume mrefu kuliko mlango wetu.

Alianza kesho yake, Jumatatu, apate kulijaza kabla ya Jumapili. Tulikuwa tunaamka giza likiwa bado, yeye anakunja leso kuwa kata, anaiweka kichwani, tunatoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikingoja matokeo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Mtungi wa kwanza ulikwenda nyumbani, wa kupikia. Wa pili na yote iliyofuata ilikwenda kanisani. Alikuwa akipanda jukwaani pole pole, mguu mzima kwanza, halafu ule wa goti, anainama, anamimina. Maji yalikuwa yakigonga simiti kwa sauti ya aibu, machache mno, yanatawanyika chini ya tangi kama mkojo wa mtoto. Siku ile ya kwanza nilichungulia nikaona hayakufunika hata vidole. Nikamwambia, "Mama, hii ni kazi ya wendawazimu."

"Shika upande huo," akanijibu.

Wanawake pale bombani walimwuliza na aliwaambia ukweli. Wengine walisema amina kwa mdomo, lakini hakuna aliyetoa mtungi, na sikuwalaumu. Kila mmoja alikuwa na watoto wake. Vijana wa kwenye kona, wale wa kuvaa kofia nyuma mbele, nao walimzoea. "Niaje mathe, bado unajaza bahari?" Mama akawaitikia salamu vizuri kabisa, akapita. Mimi nikawatolea macho.

Kilichoniumiza zaidi ni mboga. Mboga za kienyeji, kunde na mrenda na saga, bila kunyunyiziwa maji zinalegea kabla ya saa nne, na Mama alikuwa muuzaji wa kujivunia mboga zake. Wiki ile alikuwa anachelewa kufungua kibanda, na akifungua, anapaka zile mboga maji kwa ncha za vidole, kidogo, kama mtu anayebariki. Zililegea. Wateja wakazigusa wakaenda kwa wengine. Nilimwambia achukue bakuli moja tu la yale ya tangi, bakuli moja, Mungu hatakufa kiu. Akanitazama bila hasira.

"Mimi sijui kuhubiri," akasema. "Wengine wanaimba, wengine wananena kwa lugha, mimi nasimama pale nikiwa sina kitu. Lakini kubeba najua. Nimebeba tangu nikiwa mtoto. Wiki hii Mungu ametaka kitu ninachokijua, na wewe unataka nimpunjie bakuli."

Nilimtazama akifunga vizuri tita la mboga zilizolegea, goti limefura chini ya leso, na kwa mara ya kwanza nikahisi kitu ambacho sijui nikiite nini zaidi ya woga. Nilikuwa nimelala na huyu mtu chumba kimoja maisha yangu yote na sikuwa nimejua ana ukubwa gani.

Na yalipanda. Maji yale yalipanda, jamani. Jumatano yalifika magotini. Alhamisi bomba lilikuwa na nguvu kidogo, tukaenda na kurudi hadi shingo yangu ikakataa kugeuka. Ijumaa, jua likiwa juu, Mama alimimina mtungi wa mwisho, akavua viatu, akashuka ngazi za tangi, akasimama ndani. Yalimfika juu ya kiuno. Akachuchumaa akiwa na nguo zake, taratibu, mpaka yakamfika kidevuni, akasema, "Baba yako akipiga magoti atazama." Akakaa hapo kidogo amefumba macho. Kisha akatoka, akakamua sketi yake hapo hapo juu ya tangi ili yasipotee, tukarudisha mbao.

Sasa lazima nimweleze jirani yetu. Alikuwa mwanamke wa Ukambani, mume wake mchonga vinyago, mlango wao ukitazamana na wetu. Alikuwa mshirika wa kanisa letu na ndiye aliyeongoza zamu za usafi. Usafi ndio ulikuwa wito wake. Wiki hiyo yote yeye na binti zake walikuwa Machakos kwenye matanga ya shangazi yake, wakarudi Ijumaa jioni. Walipofika aliambiwa jambo moja tu, kwamba Jumapili kuna ubatizo, na jirani yake mwanamume yule wa kushikilia ukuta ndiye anayebatizwa. Hakuna aliyemwambia kuhusu mitungi. Alifikiri, kama mtu yeyote angefikiri, kwamba bomba limerudi.

Lakini hapo bado. Baadaye alitueleza mwenyewe kwamba usiku ule aliomba. Kanisa lilikuwa halijapigwa deki kwa wiki nyingi, vumbi limelala kwenye mabenchi, na kesho kutwa wageni wanakuja. Aliona aibu kwa niaba ya Mungu. Akaomba apate maji ya kuisafisha nyumba Yake. Jumamosi asubuhi akafungua kanisa, akajaribu bomba la nje, likakohoa. Akapanda jukwaani, akainua ubao afagie chini yake, na akaona maji. Maji mengi, safi, yametulia, katika mji usiokuwa na tone. Mwanamke yule alipiga magoti akalia, kisha akaenda kuchukua ndoo.

Mimi na Mama tulikuwa kibandani tukijaribu kuokoa mauzo ya wiki. Ilipofika saa saba hivi nikatumwa kanisani kupeleka taulo. Nje ya mlango mabenchi yote yalikuwa yamepangwa juani yakichuruzika maji. Pazia la mimbari lilikuwa linapepea kwenye ua wa michongoma, limefuliwa. Ndani, sakafu ilikuwa inang'aa hata nikajiona uso. Na jirani yetu alikuwa ndani ya tangi, sketi ameipandisha, anasugua simiti kwa brashi, anaimba. Alikuwa ameng'oa kizibo cha chini ili alisafishe vizuri. Yalibaki madimbwi ya povu.

Sitayaandika niliyomwambia. Nilimwita vitu ambavyo mtu hamwiti mkubwa wake, na binti zake wawili walisimama na vitambaa mikononi midomo wazi. Nilipotamka kwamba ni maji ya Mama, ya kichwani, ya wiki nzima, yule mama aliketi pale pale kwenye ngazi ya tangi kana kwamba nimemkata miguu.

Nilimkimbilia Mama nikamweleza. Alifunika mboga kwa gunia akaja nami bila kuuliza swali. Alisimama mlangoni. Alitazama sakafu, akatazama mabenchi, akapanda jukwaani, mguu mzima kwanza, akachungulia tangi. Nilingoja apige nduru. Ningempa haki. Jirani alikuwa bado ameketi, analia kimya kimya na brashi mkononi.

"Dada," Mama akamwambia, "hata chini ya mabenchi umefika?"

Yule akaitika kwa kichwa.

"Bwana asifiwe. Ilikuwa imechafuka sana." Akamshika mkono akamwinua. "Yalikuwa ya Mungu, yameosha nyumba ya Mungu. Hajapunjwa. Rudisha kizibo, tafadhali, tukateke mengine."

Tulipotoka, Baba alikuwa amesimama uani. Habari inatembea haraka Mbotela. Alikuwa amevaa kofia yake na uso wake una kitu nilichokitambua mara moja: alikuwa amepata nafuu. Alikuwa na mlango wa kutokea.

"Mama watoto," akasema, "usijisumbue tena. Hii ni ishara. Mungu amekataa, na mimi sibishani naye."

"Baba watoto, hiyo si ishara," Mama akasema huku akiokota mtungi. "Hiyo ni sakafu iliyopigwa deki."

Akampita. Nikafuata.

Bomba la reli lilikuwa limekatika kama kawaida yake ya mchana. Hakukuwa na mtu. Mama aliweka mtungi chini ya mdomo wa bomba, akafungua, likatoa mlio mkavu, akaliacha wazi. Akaketi juu ya jiwe na kunyoosha lile goti. Nikamwambia halitatoka hadi alfajiri, na alfajiri haitoshi, ibada ni saa nne. Akasema anajua. Nikamwuliza basi tunangoja nini. Akasema, "Mimi kazi yangu ni kuwa hapa na mtungi. Ile nyingine si yangu." Hakusema kwa majivuno. Alikuwa amechoka mpaka midomo imekuwa myeupe. Nikaketi karibu naye kwenye jua, na kwa hasira zangu zote nikamwambia Mungu moja kwa moja, kwa ndani, kwamba ananiudhi.

Tulikaa hapo hadi vivuli vikarefuka. Halikutoa tone. Mwishowe Mama alisimama, akabeba mtungi mtupu kichwani kana kwamba umejaa, tukavuka barabara kurudi.

Nilisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya maji yakimiminwa kwenye simiti. Kisha tukapinda kona ya kanisa.

Jirani yetu alikuwa amepita mlango kwa mlango. Hakuomba maji, huyo mwanamke. Alisimama kwenye kila mlango akasema, "Mimi ndiye niliyemwaga," akaeleza alichokimwaga na nani alikibeba, akaenda mlango wa pili. Pipa lake mwenyewe, aliloliweka akiba chini ya kitanda, lilikuwa limeshamiminwa lote. Alibeba kwa mgongo, kamba ikipita kwenye paji la uso kama wanavyobeba kwao, na alikuwa akija na mtungi mwingine tulipofika. Na nyuma yake kulikuwa na watu.

Walikuja na ndoo, masufuria, birika, karai. Wale wanawake wa bombani walikuja, waliosema amina kwa mdomo. Wale vijana wa kofia walibeba pipa lililojaa nusu wakipokezana wawili wawili, wakitukanana kwa Sheng nani anamwaga, na mmoja akaniambia, "Sista, usitutolee hayo macho, tunasaidia." Watu wa makanisa mengine walikuja, na watu wasio wa kanisa lolote. Wengine maji mazuri walikuwa wamemaliza, wakaleta walichokuwa nacho, maji ya kusuuzia nguo, yenye rangi ya maziwa na povu. Pasta alisimama kwenye tangi akiyaangalia yale yenye povu yakija, hajui aseme nini, akaamua kusema asante.

Halafu akaja yule mama wa pombe. Kila mtu alimjua, aliuza nyuma ya nyumba yake, na Baba alikuwa mteja wake wa miaka. Alikuja na ndoo mbili za maji safi kabisa, aliyokuwa ameyaweka ya kupikia pombe ya wikendi. Alizishusha mbele ya pasta. "Mmeninyang'anya mteja," akasema, "na sasa maji pia. Mungu wenu ana tamaa." Akamimina mwenyewe, zote mbili, hadi mwisho, akazigonga matako tone la mwisho lidondoke.

Mama alikuwa amesimama ukutani na mtungi wake mtupu. Nilikuwa mtaani kwetu, kati ya choo cha jumuiya na ua wa michongoma, na nilijua kabisa kwamba niko mahali ambapo ningepaswa kuvua viatu. Nikavivua. Hakuna aliyeniona.

Na hapo ndipo Baba alipotokea kwenye kona. Alikuwa amebeba sufuria yetu ya chai kwa mikono yote miwili, ile iliyokuwa na maji yetu ya mwisho nyumbani. Mwanamume wa rika lake hakubeba maji mchana mbele za watu, labda kwa mkokoteni. Alikuwa anatembea pole pole, macho ndani ya sufuria, asimwage. Kijana mmoja akamwita, "Buda, umepata job?" Hakuinua macho. Alipita mbele yetu bila kutuona, akaingia kanisani, akapanda jukwaani. Tulisikia yakianguka, kidogo tu. Mlango wa kutokea aliokuwa nao, alikuwa ameuziba kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Sakafu ilikuwa safi ajabu. Maji yalikuwa ya rangi ya jivu, na sabuni ilikuwa imeacha povu pembeni, yakifika kiunoni mwa pasta. Mama aliketi benchi la mbele kabisa, nami kando yake, amevaa kitambaa cheupe cha kichwani. Kwaya iliimba, matari yakapigwa, mzee mmoja akaomba maombi marefu, halafu Baba akashuka ngazi akiwa na shati jeupe. Pasta alimwuliza maswali naye akajibu. Akaulizwa kama ana neno. Akachota yale maji kwa kiganja na kuyaacha yarudi.

"Hapa ndani kuna maji ya karibu kila nyumba," akasema. "Nikirudi kwenye pombe, nitamwambia nini yeyote kati yenu?"

Akazamishwa. Goti likabaki nje. Wazee wakainua mikono, akarudishwa chini, na safari hii pasta aliegemea juu yake kwa uzito wake wote hadi likaonekana povu tu. Kanisa lilikuwa limeanza kupasuka kwa shangwe, na mimi nikageuka kumkumbatia Mama.

Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeanguka kifuani, mikono imefunguka mapajani viganja juu, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo. Maombi yake ya miaka yote hiyo yalikuwa yanajibiwa hatua chache mbele ya macho yake na hakuona lolote. Nilinyoosha mkono nimtikise. Baba, akiwa bado ndani ya tangi na maji yakimtiririka usoni, alinitazama akatingisha kichwa.

Akatoka. Alikataa taulo. Aliinua ule mkono wake mkubwa kuelekea kwa wapiga matari, nayo yakanyamaza, kisha kwaya ikanyamaza, kisha watu wa madirishani. Kanisa lile la kelele, ambalo majirani walikuwa wakililalamikia hadi kwa chifu, likatulia tuli kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyechoka. Baba akaja akaketi kando yake, amelowa chepechepe, akangoja. Watu wote tukangoja. Sijawahi kuwa katika ibada nyingine kama ile.

Maji ya shati lake yalianza kuingia kwenye nguo ya Mama. Baada ya muda baridi ikamfikia, akafumbua macho. Alitazama sketi yake kwanza, asijue. Kisha akashika mkono wa shati la Baba, akaukamua kwa vidole, akayaona yakidondoka.

"Umelowa," akasema.

"Nimelowa, mama."

Akauegemeza uso wake kwenye lile bega la maji, mbele ya kanisa zima, jambo ambalo kwetu mke na mume hawafanyi, akafumba macho tena.